Majani ya mwanzi: yapitishe bandani kwanza, kisha shambani

Ukipita vijijini kandokando ya Mbale, mashariki mwa Uganda, mwezi wa Januari, hukosi kuona moshi mwembamba ukipanda nyuma ya nyumba ya mtu. Kafagia majani makavu chini ya mianzi yake, kayatia kiberiti. Hatua ishirini kutoka hapo mbuzi wake wamefungwa kamba wananusa vumbi, na migomba imekunja majani kwa kiu. Nami nilikuwa mchomaji. Nilichoma misimu mitatu kabla ya kugundua kwamba nilikuwa nachoma malalo ya kuku, yaani matandiko ya banda, na mbolea ya mwaka mzima, huku chakula cha mbuzi kikining'inia juu ya moshi, halafu naenda sokoni kununua vyote vitatu.

Kosa la wengi, hata wale wasiochoma, ni kulibeba jani la mwanzi moja kwa moja hadi bustanini na kutegemea lioze kama jani la mgomba. Haliozi hivyo. Jani la mwanzi ni kaidi. Limejaa silika, madini yale yale yanayofanya mchanga na kioo. Pitisha kidole pembeni mwa jani lililokomaa, utaona linavyokwaruza. Silika hiyo pamoja na nta iliyo juu huwapa kazi vijidudu vya udongo. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: jani lipite bandani kwanza. Likanyagwe, likojolewe, likwanguliwe, ndipo liende shambani. Iko kazi moja tu ambapo ukaidi wake unatufaa kama ulivyo, nayo ni matandazo. Tutaifikia.

Mjue mwanzi wako

Uganda ina mianzi ya asili ya aina mbili. Wa mlimani, Oldeania alpina, uko Elgon, Rwenzori, Mgahinga na Echuya. Huku kwetu ndio unaotupa malewa, machipukizi yanayokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga ya kusaga. Wa nyanda kavu, Oxytenanthera abyssinica, unaota kaskazini, na fito zake zina nyama nene kiasi cha kukaribia kuziba ndani. Ile mianzi mikubwa ya majumbani, ya kijani au ya njano yenye mistari ya kijani, ni Bambusa vulgaris, iliyoletwa kutoka Asia. Siku hizi wapo pia waliopanda majitu ya jamii ya Dendrocalamus.

Majani ya yote hutumika, lakini usiende kuyavuna msituni kama vile ni kwako. Hifadhi za Mlima Elgon na Mgahinga ziko chini ya mamlaka ya wanyamapori, na msitu wa Echuya uko chini ya mamlaka ya misitu. Bila kibali au makubaliano ya kijiji na hifadhi, gunia la majani linaweza kukuletea kesi. Mwongozo huu ni wa mianzi iliyo kwako au kwa jirani aliyekubali.

Kukusanya

Majani makavu ni rahisi kupata. Kiangazi cha Desemba hadi Februari mwanzi hupukutisha sana. Tumia reki au uma wa shamba, usitumie mikono, kwa sababu zulia lile nene ndilo nyoka wanapopumzika wakati wa joto. Mimi hugonga ardhi kwa fimbo kwanza, nasubiri kidogo, ndipo naanza. Vaa gambuti.

Zoa nusu, uache nusu. Mwanzi hula silika nyingi na huirudisha ardhini kupitia majani yake yenyewe, kwa hiyo ukifagia mpaka udongo mwekundu uonekane, unakinyima kichaka chakula chake, na baada ya miaka michache fito zitakuja nyembamba.

Unapokusanya, tenganisha majani na maganda. Maganda ni yale makavu mapana yanayofunika chipukizi na kuanguka fito inaporefuka. Mgongoni yana vinyweleo vya kahawia vinavyowasha kama upupu. Yakiingia kwenye malalo utajikuna wewe na wanyama wako. Yaweke kando kwa kuwashia moto jikoni.

Majani mabichi nayo yana adabu yake. Usipande kichakani na kukwanyua ovyo. Njia iliyo bora ni kukata fito zilizokomaa, za miaka mitatu na kuendelea, ambazo ungezikata hata hivyo kwa ajili ya ujenzi, uzio au vijiti vya maharage. Fito moja kubwa inatoa matawi ya kushibisha mbuzi kadhaa kwa siku. Kama huna haja ya fito, punguza matawi ya chini tu, na usizidi robo ya majani ya fito moja. Wakati wa mvua, machipukizi yanapotoka, kiache kichaka kipumue.

Mbuzi

Sababu ya kuwapa mbuzi mwanzi ni kwamba matete yanapokauka Januari, mwanzi bado ni kijani. Majani yake mabichi huwa na protini ya takriban asilimia 10 hadi 18 ya uzito mkavu, kutegemea aina na umri wa jani, wakati matete yaliyopitiliza kukomaa hushuka chini ya 8. Pamoja na hayo, silika hufanya sehemu ya jani isimeng'enyeke vizuri. Mwanzi ni wa kuvusha kiangazi. Anayekuambia umlishe mbuzi mwanzi mtupu mwaka mzima hajawahi kumkamua huyo mbuzi.

Anza polepole. Siku tatu za kwanza toa konzi chache tu, baada ya chakula walichozoea. Ongeza kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi, ili vijidudu vya tumboni vizoee. Ukifika kiwango cha juu, mwanzi usizidi theluthi ya chakula cha siku. Kwa mbuzi mzima wa kilo 30 hiyo ni kama kilo moja ya majani mabichi. Kilichobaki kiwe matete, majani ya viazi vitamu, na majani ya miti ya malisho kama kaliandra au lusina ukiwa nayo. Maji yawepo muda wote, maana majani haya yana nyuzi nyingi.

Usiyamwage chini. Funga matawi shada moja, ulitundike kwa kamba usawa wa kichwa cha mbuzi au juu kidogo. Mbuzi ni mlaji wa juu, na kilichokanyagwa hakili tena. Ukitulia utazame, utaona halishiki jani katikati. Huanzia kwenye ncha, hugeuza kichwa upande, huvuta mara moja na jani lote huchomoka kwenye kikonyo chake. Ukiona ananusa na kuliacha, basi jani limezeeka mno au lina ukungu. Matawi yaliyobaki matupu usiyatupe. Yatakuwa vijiti vya nyanya.

Ng'ombe na sungura

Ng'ombe hula vizuri zaidi yakikatwakatwa kwa panga vipande vya urefu wa kidole na kuchanganywa na matete, tena ukinyunyizia maji yenye chumvi kidogo. Kipimo ni kile kile cha theluthi, na kwa ng'ombe anayekamuliwa mimi hukishusha hadi robo. Ndama mdogo asipewe kabisa.

Sungura wanayapenda. Yaache yanyauke kivulini nusu siku ndipo uwape, na hata hapo iwe konzi moja kwa sungura mmoja.

Tahadhari mbili zisizo na mjadala

Ya kwanza ni machipukizi. Chipukizi bichi la mwanzi lina kemikali inayotoa sianidi, sumu ile ile ya muhogo mchungu. Ndiyo maana malewa huchemshwa vizuri kabla ya kuliwa. Mnyama hachemshi. Kama mbuzi wako huzurura karibu na kichaka wakati wa mvua, wazuie kwa uzio, na usitie mabaki ya machipukizi mabichi kwenye hori.

Ya pili inawahusu sana ndugu zetu wa Kapchorwa na Bukwo wanaobebesha punda mizigo. Huko Brazil, katika jimbo la Pará, farasi waliokula majani ya Bambusa vulgaris kwa wingi walipata ugonjwa wa neva, wakawa wanayumba na kushindwa kuinua miguu sawasawa. Mwanzi huo ndio huu wetu wa majumbani. Punda na farasi ni jamii moja. Usimfunge punda chini ya mianzi ashinde hapo akijilia, na usimpe majani hayo kama chakula. Tumbo la mbuzi na ng'ombe ni la namna nyingine.

Malalo ya kuku

Hapa ndipo jani kavu linapolipa kuliko mahali popote. Huku kwetu watu hutumia makapi ya kahawa au maranda ya mbao, na vyote vinanunuliwa na kubebwa kwa bodaboda. Majani ya mwanzi yako nyuma ya nyumba.

Yakaushe kwanza juani siku mbili au tatu, ukiyageuza, mpaka ukiyafinya yavunjike kwa sauti. Jani lenye unyevu huota ukungu, na vumbi la ukungu huingia kwenye mapafu ya kuku na kuwaua kwa ugonjwa unaofanana na mafua yasiyosikia dawa. Kama gunia linanuka uvundo, lipeleke kwenye mboji moja kwa moja.

Kisha yakatekate. Mimi huyatia ndani ya gunia, nalifunga mdomo, na watoto hulirukia mpaka wachoke. Vipande vya urefu wa sentimita tano vinatosha. Usiruke hatua hii, kwa sababu jani zima ni bapa, na majani bapa yakilowa hushikana kama kurasa za kitabu kilichonyeshewa. Hilo lilinikuta. Mara ya kwanza nilitandika majani mazima, mvua ikavuja kwenye kona moja ya banda, na baada ya wiki nikakuta ganda gumu linalotoka vipande kama chapati. Chini yake kulikuwa na funza.

Tangu hapo huchanganya nusu kwa nusu na makapi ya kahawa. Makapi hunyonya maji, majani huacha hewa ipite, na kuku wanapokwangua hugeuza vyote. Anza na kina cha sentimita nane hivi, uongeze tabaka jipya jembamba kila wiki mbili. Kwa vifaranga, subiri wafikishe wiki nne, kwa sababu vipande hivi vina ncha kali kwa miguu laini.

Kujua kama malalo yamechoka, usiyapime ukiwa umesimama. Chuchumaa mpaka pua yako ilingane na kichwa cha kuku, ukae hapo kwa kuhesabu hadi ishirini. Macho yakianza kuwasha, kuku wako wamevumilia hali hiyo usiku kucha. Geuza malalo, toa yaliyolowa karibu na vyombo vya maji, ongeza makavu. Unyevu ndio unaoamsha ugonjwa wa kuhara damu, na hakuna dawa ya dukani itakayoshinda banda bichi.

Kwenye viota vya kutagia, weka majani mazima. Humo hakuna unyevu, na yai hutulia vizuri.

Nguruwe na ukungu mweupe

Wafugaji wengi wa nguruwe hapa Uganda wanaujua mtindo uliotoka Korea Kusini, kwa Cho Han-kyu, wa kufuga juu ya malalo ya kina kirefu yenye vijidudu hai. Wengi huuita IMO tu, kifupi cha Kiingereza cha vijidudu vya kienyeji. Wanaoufundisha hupenda kukusanya vijidudu chini ya mianzi, na ukifunua zulia la majani utaona sababu: nyuzi nyeupe kama buibui zimeshona jani na jani.

Pika wali mkavu kidogo, uache upoe. Ujaze kwenye kisanduku cha mbao, usizidi theluthi mbili ili hewa ibaki. Funika kwa karatasi safi, funga kwa kamba, weka wavu juu kuzuia panya. Kichimbie chini ya majani pale penye nyuzi nyeupe, kifunike kwa majani hayo hayo, na juu weka kipande cha plastiki mvua isiingie. Baada ya siku nne au tano fungua. Manyoya meupe ndiyo tunayotaka. Ukiona meusi au kijani kwa wingi, mwaga uanze upya.

Wali huo changanya na sukari guru ya uzito ule ule kwenye chungu, ufunike kwa karatasi, uache wiki moja kivulini. Kijiko kimoja ndani ya ndoo ya maji kinatosha kulowesha pumba. Fanya tuta la pumba kivulini, lifunike kwa majani ya mwanzi, uligeuze likipata joto, na baada ya wiki hivi litandaze kwenye malalo. Malalo yenyewe yawe maranda au makapi na majani ya mwanzi yaliyokatwa, kwa kina kirefu. Harufu itapungua sana, ila mtindo huu haumkingi nguruwe na homa ya nguruwe ya Afrika. Mlango wa banda bado ufungwe kwa wageni.

Kutoka bandani hadi mboji

Malalo yaliyochoka sasa ni kitu kingine. Jani limevunjika, limeloa mkojo, nta imekwisha. Hapo linaoza bila kubembelezwa.

Chagua kivuli, mbali na kisima. Tuta liwe na upana wa mita moja na nusu, urefu upendavyo. Chini tandaza vijiti ili hewa ipite. Halafu panga: malalo ya zamani kina cha kiganja, magugu mabichi au majani ya maharage kina kile kile, samadi ya ng'ombe vidole vinne, udongo wa juu konzi chache. Mwagia maji. Rudia hadi lifike kifuani. Ukitaka kuongeza majani makavu ya mwanzi ambayo hayakupita bandani, yaloweshe kwanza usiku mzima kwenye pipa, la sivyo yatabaki makavu katikati ya tuta lililolowa.

Majivu weka kidogo sana, tena mbali na samadi, kwa sababu yakikutana hufukuza nitrojeni hewani. Majivu ya ziada yapeleke kwa kuku, uyachanganye na mchanga waogee. Huwasaidia kupunguza chawa na viroboto.

Chomeka fimbo ndefu hadi katikati. Siku ya nne ichomoe, uishike. Ikiwa ya moto kiasi cha kutaka kuiachia, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Baridi na telezi, geuza na uongeze makavu. Kupima unyevu, kamata konzi moja uibinye: matone mawili matatu kati ya vidole ni sawa, maji yakichuruzika yamezidi. Geuza kila wiki tatu. Mboji ya namna hii mimi huitumia baada ya miezi minne. Majani machache yatakuwa bado yanaonekana, usijali.

Matandazo

Hii ndiyo kazi ambapo jani kavu lisilopita popote linafaa, kwa sababu tunataka lichelewe kuoza. Matandazo ya nyasi huisha ndani ya msimu. Ya mwanzi huweza kuvuka hadi mwingine.

Palilia kwanza, subiri mvua iloweshe udongo vizuri au umwagilie, ndipo utandaze. Kwa kahawa na migomba weka kina cha sentimita kumi. Kwenye migomba acha nusu mita tupu kuzunguka shina, maana fukusi hupenda kujificha kwenye unyevu karibu na kisiki. Kwenye kahawa acha upana wa viganja viwili. Kwa sukuma wiki, dodo (mchicha) na nakati (mboga ya majani ya jamii ya nyanya chungu), sentimita tatu hadi tano, tena yaliyokatwakatwa.

Hilo la kukatakata nililipia kwa nyanya. Nilitandaza majani mazima, mazuri, yamelala upande mmoja kwa upendo. Mvua fupi ya jioni ikanyesha, nikalala nikishukuru. Asubuhi nyanya zimenyauka. Nilipofunua, udongo ulikuwa mkavu kama unga. Maji yote yalikuwa yameteleza hadi kwenye mfereji. Nilikuwa nimeziezekea paa. Tangu siku hiyo nayavuruga kwa uma baada ya kutandaza, yakae kila upande, na baada ya mvua ya kwanza natia kidole chini kuhakikisha.

Yasipopita bandani, ongeza samadi kidogo chini yake, kwa sababu majani makavu yanapoanza kuoza huazima nitrojeni ya udongo wa juu, na mboga hugeuka njano. Na kiangazi yaache umbali wa hatua tano kutoka jikoni na njia wanayopita wavuta sigara. Yanashika moto upesi.

Fungu la mwanzi wenyewe

Kabla ya mvua za Machi, toa mboji toroli mbili kwa kila kichaka. Itandaze nje kidogo ya duara la fito, mahali machipukizi mapya yatakapotokea, kisha uifunike kwa ile nusu ya majani uliyoiacha wakati wa kufagia. Usichimbe, mizizi ya mwanzi iko juu juu.

Wakati huo huo kagua fito zilizokomaa na uzitie alama ya rangi. Hizo ndizo utakazokata kiangazi kijacho, pamoja na majani yake.